Ndege Ikishatua, Mkorofi Anakwenda Wapi?

Najua nimeadimika. Wiki mbili nzima sijaandika kitu humu, mpaka wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo nipo sana hapa Mlimani. Ni semina tu, na foleni ya maharage pale kafeteria, na lile bumu letu ambalo mnalijua tabia yake: linaingia Ijumaa, Jumatatu unaanza kuhesabu mia mia.

Leo nataka tuongee habari za ndege. Msicheke. Najua wengi wetu safari yetu ndefu ni ile ya basi la mkoani wakati wa likizo, magoti yakiwa kidevuni. Lakini wiki jana kwenye semina ya sheria ya kimataifa mwalimu alitupa swali ambalo limenikaa kichwani mpaka leo. Alisema hivi: abiria kalewa, kampiga kofi mhudumu wa ndege, ndege iko juu ya bahari kuu ambayo si ya nchi yoyote. Ndege imetua salama. Sasa nani anamshitaki huyu bwana, na anamshitakia wapi?

Darasa zima kimya. Watu wakaanza kufunua madaftari kama vile jibu limeandikwa humo.

Tuliporudi rumu mjadala ukaendelea. Rumeti wangu anasoma uhandisi na huwa anaona sheria ni porojo. Akasema mbona rahisi, mkorofi anafungwa pingu, ndege inatua, polisi wanamchukua, kwisha habari. Mimi nikamwambia hapo unaposema kwisha habari ndipo habari inapoanzia. Tulibishana mpaka jirani akagonga ukuta. Kwa hiyo nimeona niyaandike humu kwa utulivu, maana nina sababu yangu ya kulibeba suala hili moyoni, na nitaieleza huko mbele.

Tuanze na tunachokijua. Kwenye daladala mlevi akianza matusi, konda anamalizana naye kituo kinachofuata. Anagonga bodi, dereva anasimama, jamaa anashushwa, gari linaondoka. Silaha kubwa ya konda ni mlango. Mhudumu wa ndege hana silaha hiyo. Futi 35,000 juu, yeye na mlevi watakaa humo humo saa tatu, tano, au hata kumi. Hawezi kumshusha, hawezi kuita askari, na hata akikimbia ataishia jikoni kwa nyuma. Kila kitu kinasubiri mlango ufunguliwe huko chini. Sasa kama ukifunguliwa hakuna lolote linalofanyika, basi ile subira yote ilikuwa bure.

Na wala si jambo la kutokea mara moja kwa miaka kumi. IATA, yaani chama cha mashirika ya ndege duniani, kimetoa hesabu zake. Mwaka 2021 kiliripotiwa kisa kimoja cha abiria mkorofi kwa kila safari 835. Mwaka 2022 kikawa kimoja kwa kila safari 568. Mwaka 2023 kimoja kwa kila safari 480. Marekani peke yake, mamlaka yao ya usafiri wa anga, FAA, ilipokea taarifa zaidi ya 5,900 mwaka 2021, nyingi zikiwa ni ugomvi wa barakoa wakati ule wa Uviko. Siyo zote ni ngumi. Kuna wanaovuta sigara chooni, wanaogoma kufunga mkanda, wanaojinywea chupa zao walizonunua uwanjani, na wanaotukana. Lakini ndani ya hesabu hizo wamo pia waliopiga, waliouma na waliojaribu kufungua mlango.

Sasa tuje kwenye sheria. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Sheria mama ya mambo haya ni Mkataba wa Tokyo, uliosainiwa tarehe 14 Septemba 1963 na kuanza kutumika Desemba 1969. Nchi zaidi ya 180 ni wanachama, kwa hiyo ni kama dunia nzima. Mkataba huu unampa rubani mkuu madaraka makubwa, na mimi nilipousoma nilishangaa, maana ni kama mwenyekiti wa mtaa mwenye mabawa. Milango ikishafungwa, anaweza kuamuru mkorofi afungwe. Anaweza kuwaamuru wafanyakazi wake wamsaidie. Abiria hawezi kuwaamuru, ila anaweza kuwaomba au kuwaruhusu. Anaweza kumshusha mkorofi uwanja wowote atakapotua, na kosa likiwa zito kwa maoni yake, anaweza kumkabidhi kwa vyombo vya dola vya nchi ile, kama nayo ni mwanachama. Na akifanya hayo kwa kufuata mkataba, hashitakiki yeye, wala wafanyakazi wake, wala abiria waliomsaidia.

Umeona uzuri wake? Haya, sasa ona shimo lilipo. Mkataba huo huo unasema hatua za kumfunga mtu zinakoma ndege ikishatua, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Na kuhusu nani mwenye mamlaka ya kumshitaki, mkataba unaitaja kwanza nchi iliyosajili ndege. Siyo nchi ndege ilipotua. Kwa mwaka 1963 ilikuwa na maana, ndege za shirika la nchi zilikuwa zimesajiliwa nchi hiyo hiyo na kurudi kulala kwao. Siku hizi shirika linaweza kukodi ndege iliyosajiliwa kisiwa fulani ambacho ndege yenyewe haijawahi hata kukiona. Matokeo yake askari wa uwanja anafika mlangoni, anasikiliza, halafu anasema: kosa hili halikufanyika kwetu, ndege siyo ya kwetu, mtu mwenyewe siyo wa kwetu. Anamuachia.

Hapa sasa naomba niwaeleze ile sababu yangu.

Dada yangu mkubwa ni mhudumu wa ndege katika shirika moja la nje, shirika ambalo sitalitaja. Mwaka wa sita sasa. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mshahara huo, na hata kompyuta hii ninayoandikia kainunua yeye. Kuna safari moja ya usiku abiria mmoja alikuwa amepiga maji ya kutosha, akaomba kingine, dada akamwambia kwa adabu kwamba sasa inatosha, karibu maji au kahawa. Yule bwana akamshika mkono akauzungusha, akamsukuma kwenye kigari cha chakula. Mhudumu mwenzake na abiria wawili ndio waliomdhibiti, akafungwa pingu za plastiki, akakaa nyuma mpaka wanatua.

Uwanjani askari wakaja. Maswali yao, kwa jinsi dada alivyotuhadithia, hayakuwa "umeumia wapi?" Yalikuwa ni ndege imesajiliwa wapi, abiria raia wa wapi, wewe raia wa wapi. Ndege ya nchi moja, abiria wa nchi ya pili, dada Mtanzania, na uwanja wa nchi ya nne. Wakasemezana pembeni, wakakata pingu. Dada alipofika sehemu ya mizigo, mkono umeshaanza kuvimba, akamkuta yule bwana anasubiri begi lake kama watu wengine. Alimpungia mkono.

Dada aliandika taarifa ya kurasa mbili. Alijibiwa kwa mistari miwili, ya kwanza kumshukuru kwa taarifa na ya pili kumkumbusha muda wa safari yake inayofuata. Mama aliposikia alimwambia aache kazi arudi nyumbani. Dada akamwambia, mama, mtoto wako yuko chuo. Hapo mimi nilitoka nje.

Kwa hiyo mtu akiniambia ndege ikitua kwisha habari, mnielewe kwa nini nabishana.

Turudi kwenye hoja. Wakubwa wa dunia shimo hilo wameliona. Tarehe 4 Aprili 2014 huko Montreal ilipitishwa itifaki ya kurekebisha Mkataba wa Tokyo. Kubwa lililomo ni kwamba nchi ndege inapotua nayo inapata mamlaka ya kushitaki, na vile vile nchi ya shirika linaloiendesha ndege. Itifaki ilihitaji nchi 22 ili ianze kufanya kazi, Nigeria ndiyo iliyokamilisha idadi mwishoni mwa 2019, na ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 2020. Safi sana. Tatizo ni kwamba inazibana nchi zilizojiunga nayo tu, na hizo hazijafika hata nusu ya zile za Tokyo. Uingereza wao hawakusubiri, toka mwaka 1996 walitunga sheria inayowaruhusu kumshitaki mtu aliyefanya kosa ndani ya ndege ya kigeni kama kituo kinachofuata ni kwao. Ina maana nchi ikitaka inaweza.

Lakini wadau, sheria peke yake haitoshi. Nawapa kisa cha India, maana kile kinaonyesha upande wa wafanyakazi wenyewe na kampuni yao.

Tarehe 26 Novemba 2022, ndege ya Air India ilikuwa inatoka New York kwenda Delhi. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa daraja la biashara alilalamika kwamba abiria mwanaume, akiwa amelewa, alimkojolea. Mtuhumiwa baadaye alikana mahakamani, kwa hiyo hilo tuwaachie wenye kesi. Mimi nataka mtazame kilichofanyika baada ya hapo. Kwa maelezo ya yule mama, wahudumu walimleta yule mtu mbele yake aombe radhi, wakati yeye hakutaka hata kumuona. Ndege ikatua. Polisi hawakuitwa. Kampuni ikaja kusema ilidhani wawili hao wameshapatana. Mama akaandika barua ya malalamiko, na jalada la polisi likafunguliwa Januari 2023, zaidi ya mwezi mzima baadaye. Mtuhumiwa alikamatwa Bengaluru. Mamlaka ya anga ya India ikaipiga kampuni faini ya rupia milioni 3, ikasimamisha leseni ya rubani mkuu kwa miezi mitatu, na mkurugenzi wa huduma za ndani ya ndege akatozwa rupia 300,000.

Mnaona hapo? Nchi ilikuwa na sheria. Ndege ya kwao, uwanja wa kwao. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa wakati: limetokea hili, huyu hapa, mchukueni. Badala yake ikaja ile dawa yetu tunayoijua sana hata huku uswahilini: yamalizeni wenyewe, shikaneni mikono, yaishe. Jamani, mhudumu wa ndege siyo mzee wa baraza. Kazi yake siyo kumpatanisha aliyeumizwa na aliyemuumiza ili abiria wengine wale kwa amani.

Kuna upande wa pili ambao lazima tuuseme, la sivyo tutakuwa tunataka kisasi tu. Siyo kila anayefanya fujo ni mkorofi.

Wakubwa zetu watakumbuka tarehe 29 Desemba 2000. Ndege ya British Airways, Boeing 747 yenye watu karibu 400, ilikuwa inatoka London kuja Nairobi. Alfajiri, kijana mmoja Mkenya, mwanafunzi aliyekuwa akisoma Ulaya, aliingia chumba cha marubani na kung'ang'ania usukani. Ndege ikaporomoka maelfu ya futi. Rubani mkuu William Hagan alikuwa kwenye mapumziko, akakimbia kurudi, wakapambana na yule kijana mpaka wakamtoa, na Hagan aliumwa sikio. Ndege ikatua Nairobi salama. Hapo ilikuwa kabla ya Septemba 2001, milango ya chumba cha marubani ilikuwa bado haijaimarishwa kama ilivyo leo.

Yule kijana hakuwa gaidi wala mlevi. Akili yake ilikuwa imevurugika, alikuwa anaona kuna watu wanamfuata kumdhuru. Kwa hiyo alihitaji daktari kabla ya hakimu. Nikilisoma tukio lile najiuliza maswali ya kabla na baada: nani alimuona uwanjani London kwamba hayuko sawa? Na baada ya kutua, nani alimtazama kama mgonjwa? Mwanafunzi mwenzetu yule, mbali na kwao. Kila mmoja wetu hapa anamjua mtu ambaye kichwa kilimzidi wakati wa mitihani.

Dada pia huwa anasema kuna abiria anayeandikwa mbishi kumbe hajaelewa alichoambiwa. Wako dada zetu wanaotoka kufanya kazi za ndani Ghuba, wengine ndiyo safari ya pili ya ndege maishani mwao, Kiingereza hakuna, Kiarabu cha jikoni, na mhudumu hajui hata neno moja la Kiswahili. Anaambiwa funga mkanda, anadhani anafokewa, na yeye anafoka. Mara nyingi dada yangu ameitwa kutoka upande mwingine wa ndege, akasema tu "shikamoo mama, tatizo nini?" na mambo yakaisha bila pingu.

Na tusisahau kwamba mkorofi anaweza kuwa bosi. Desemba 2014 pale New York, makamu wa rais wa Korean Air, Cho Hyun-ah, ambaye ni binti wa mwenye kampuni, alikasirika kuletewa karanga za makadamia zikiwa kwenye mfuko badala ya sahani. Ndege ilishaanza kuondoka, ikarudishwa ili mkuu wa wahudumu ashushwe. Yule mkuu wa wahudumu alikuja kusema hadharani kwamba kampuni ilimshinikiza awadanganye wachunguzi. Februari 2015 mahakama ilimhukumu Cho kifungo cha mwaka mmoja, ingawa Mei mwaka huo huo mahakama ya rufaa ilimtoa kwa kifungo cha nje. Kwa hiyo tukisema kampuni ndiyo imlinde mfanyakazi, tujue pia kwamba kuna siku mfanyakazi atahitaji kulindwa dhidi ya kampuni.

Adhabu nazo ziko za aina nyingi. Kuna mahakama: Uingereza, abiria mmoja aliyefanya fujo mwaka 2019 kwenye ndege ya Jet2 kutoka Stansted kwenda Uturuki, mpaka ndege za kivita zikarushwa kuisindikiza, alifungwa miaka miwili mwaka 2020, na kampuni ikamwandikia ankara ya pauni 85,000 na kumfungia maisha. Kuna faini za mamlaka: FAA haiwezi kumfunga mtu, ila mwaka 2022 ilitangaza kutaka abiria mmoja alipe dola 81,950, na kesi za jinai inazipeleka kwa FBI. Halafu kuna orodha ya waliopigwa marufuku. India wanayo toka 2017, yenye madaraja matatu: matusi na ulevi mpaka miezi mitatu, kupiga au kushika mtu vibaya mpaka miezi sita, kuhatarisha maisha miaka miwili na kuendelea. Ninachokipenda pale ni kwamba anayeamua siyo mhudumu wala meneja aliyekasirika. Ni kamati yenye jaji mstaafu, na kuna nafasi ya kukata rufaa.

Sasa basi, baada ya yote hayo, mimi mwanafunzi wa mwaka wa tatu naona hivi.

Kwanza, taarifa itangulie ndege. Mkataba wa Tokyo wenyewe unamtaka rubani aliyemfunga mtu atoe taarifa mapema iwezekanavyo, na ikiwezekana kabla ya kutua, tena aeleze na sababu. Askari akishajua dakika arobaini kabla, ana muda wa kumuuliza mwanasheria wake. Akishtukizwa mlangoni, jibu rahisi ni "siyo kwetu."

Pili, ushahidi ukusanywe kabla mlango haujafunguliwa. Saa ngapi, kiti namba ngapi, alipewa vinywaji vingapi, alionywa mara ngapi na kwa maneno gani. Majina na mawasiliano ya abiria walioona. Mkataba unamtaka rubani anayemkabidhi mtu atoe na ushahidi alionao, lakini hawezi kutoa asichokuwa nacho. Abiria wakishashuka, ushahidi nao umeshuka, unapanda teksi na kupotea mjini.

Tatu, pasiwe na usuluhishi wa lazima ndani ya ndege. Aliyeumizwa ahamishwe kiti, afutwe, atibiwe, aulizwe anataka nini, na mtuhumiwa akae mbali naye. Kama kuna kusameheana kutakuja baadaye, kwa hiari.

Nne, kampuni isimame na mfanyakazi wake mpaka mwisho. Siku anayokwenda polisi kuandikisha maelezo au mahakamani kutoa ushahidi ihesabiwe siku ya kazi na alipwe. Awe na mwanasheria wa kampuni pembeni yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asipangiwe safari asubuhi yake. Kesi nyingi hufa kwa sababu mlalamikaji yuko angani bara lingine siku shauri linapotajwa, na hilo analipanga mwajiri, siyo yeye.

Tano, wahudumu wapewe mafunzo ya kutofautisha mlevi, mgonjwa na aliyeogopa, na taarifa waliyoandika iseme wazi ni yupi kati ya hao. Maana karatasi ile itamfuata mtu maisha. Na video zile za simu zipelekwe polisi. Kumrusha mtu mtandaoni dunia nzima imcheke haimrudishii dada yangu mkono wake, na kama yule mtu alikuwa mgonjwa mmemuua mara mbili.

Sita, hili ni letu sisi wa sheria. Mikataba hii inasainiwa na serikali, lakini inaandaliwa na watu waliokaa kwenye viti kama hivi vyetu vya Yombo. Nchi zetu zinapeleka vijana wengi sana kufanya kazi katika ndege za wenzetu. Wakiumia huko, mamlaka ya mahakama ndiyo kitu cha kwanza watakachouliziwa, kabla hata ya jina.

Rumeti kasoma haya kabla sijayaweka, akasema bado anaona nimerefusha, lakini kwenye ile ya pili kanyamaza. Halafu kaniuliza swali ambalo nawaachia na ninyi. Umekaa kiti cha kando ya njia, umeona kila kitu, umechoka, mkeo au mama yako anakusubiri nje. Mhudumu anakuja na karatasi anasema kaka, dada, naomba jina lako na namba ya simu, tutahitaji shahidi. Huenda ukaitwa mahakamani miezi sita baadaye, mji ambao si wa kwenu.

Utaandika, au utajifanya ulikuwa umelala?

Nawasilisha. Kesho nina tesiti saa mbili asubuhi, niombeeni.